Jina la Ptah Lina Hesabu Ngapi?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi jioni mbele ya wasomaji wenzetu hapa Tanga. Waliokosa kuja wameomba niyaandike, nami nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani, mizaha yake ikiwemo. Picha nimeziacha.

*

Wazee wangu, mashangazi zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka: assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Nianze kwa swali. Nani humu ndani amewahi kuulizwa jina la mama yake na mtu ambaye si karani wa serikali wala wa benki?

Naona mikono. Naona na mikono iliyoinuka nusu ikarudi chini. Basi tumeelewana.

Nilipokuwa na miaka minne hivi nilishikwa na homa isiyokubali kuondoka. Bibi yangu akanibeba mgongoni mpaka kwa mwalimu mmoja wa falaki, mzee mwenye kitabu kilichochakaa hata kurasa zake zimelegea kama chapati za jana. Akauliza jina langu. Akauliza jina la mama. Akaandika herufi, akazipa hesabu zake, akajumlisha, akatoa kumi na mbili, akatoa kumi na mbili, akatoa kumi na mbili, mpaka ikabaki ile aliyokuwa akiitafuta. Kisha akainua kichwa akamwambia bibi: "Jina limemzidi mtoto. Jina zito hili."

Siku ile ile nikapewa jina jingine, ndilo hili mnaloniita. Na homa ikaondoka. Bibi alisema ni jina. Mama, ambaye usiku alikuwa akinipa kwinini kwa siri, hakusema kitu.

Tangu hapo nimebeba swali moja: jina la mtu linakuwaje na uzito? Linapimwa kwa mizani gani?

Sasa majuzi mjukuu wangu kaniletea simu. "Babu, tazama." Kuna mtu anauza hesabu za majina. Unamtumia jina na pesa, naye anakutumia bahati yako, rangi yako na siku yako ya kuoa. Pembeni kachora jicho la Horus, mungu mmoja wa Misri ya kale. Na chini kaandika kwamba hiyo ni elimu ya siri ya mafarao, iliyofunuliwa na Ptah, muumba wa ulimwengu kwa imani ya Wamisri wa kale.

Hapo nikasema, la. Nimefundisha historia miaka thelathini na kitu. Hilo sikuweza kuliacha lipite.

Na kabla mzee wangu pale mbele hajaniuliza: hapana, hatukukusanyika kuabudu masanamu. Nasema habari za Ptah kama navyosema habari za Wareno. Wareno nao siwaabudu.

Ptah ni nani, basi? Alikuwa mungu wa mji wa Memphis, kusini kidogo ya Cairo ya leo, pale penye kijiji cha Mit Rahina. Wamisri walimchora kama mtu aliyeviringishwa sanda toka shingoni hadi miguuni, kofia imembana kichwa, mikono imetokeza mbele imeshika fimbo. Alikuwa mungu wa mafundi. Wachongaji wake, wahunzi wake, wajenzi wake. Kuhani wake mkuu cheo chake kilikuwa ni cha mkuu wa mafundi wote.

Hekalu lake moja pale Memphis liliitwa Hut-ka-Ptah, nyumba ya roho ya Ptah. Wagiriki walipolisikia, ulimi wao ukalifanya Aigyptos. Kutoka hapo Wazungu wakapata jina wanaloiitia nchi nzima mpaka leo. Sisi tulichukua Misri kutoka kwa Waarabu. Lakini hata Waarabu, walipowaita wenyeji wa kule Qibt, yaani Wakibti, walikuwa wanalibeba jina lile lile bila kujua. Mkristo wa Kikibti anayesali kanisani Cairo asubuhi ya Jumapili anaitwa kwa jina ambalo ndani yake amelala Ptah. Hiyo ndiyo ninayoiita nguvu ya jina, na haikuhitaji kikokotoo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kama miaka 700 kabla ya Kristo, Misri ilitawaliwa na mfalme Shabaka, mtu wa Kushi, yaani Sudan ya leo. Mtu wa kusini, Mwafrika mweusi kama mimi na wewe, amekaa kwenye kiti cha mafarao. Maandishi yake yanasema alikuta kazi ya wahenga hekaluni kwa Ptah imeliwa na wadudu, haisomeki tangu mwanzo mpaka mwisho. Akaamuru inakiliwe upya, safari hii juu ya jiwe, mahali ambapo mdudu hana meno.

Jiwe lipo. Lakini baadaye akatokea mtu akalitoboa katikati na kulikwaruza michirizi kila upande. Wengi wanaamini alilifanya la kusagia. Fikirini, hati ya kuumbwa kwa ulimwengu, mtu anasagia nafaka! Mwaka 1805 Earl Spencer akalitoa zawadi kwa British Museum kule London, likakaa karibu miaka mia bila ya mtu kufahamu vizuri linasema nini, mpaka Mmarekani James Henry Breasted alipolichapisha mwaka 1901.

Linasema nini? Linasema moyo hufikiri, na ulimi hukariri kile moyo ulichofikiri. Linasema Ptah aliwaza moyoni, akatamka kwa ulimi, kitu kikawa. Miungu mingine, watu, wanyama, vyote viko kwa sababu moyo wake uliviwaza na kinywa chake kikavitaja.

Hamshangai? Huyu ni mungu wa mafundi! Ungetegemea achonge, agonge, afinyange. Ana nyundo, ana patasi, ana tanuri. Lakini linapokuja jambo kubwa kuliko yote, vyombo vyote anaviweka chini, anatumia kinywa. Fundi kaumba kwa kutaja majina.

Mji mwingine, Iunu, ambao leo umefunikwa na vitongoji vya Cairo kule Matariya na Ain Shams, walikuwa na muumba wao, Atum. Yeye alitokea peke yake katika maji ya mwanzo, akapiga chafya akatoka Shu, mungu wa hewa. Akatema mate akatoka Tefnut. Kwa Kimisri neno la kile kitendo na jina la kile kilichozaliwa yanasikika kama ndugu. Na watu je? Watu walitoka kwenye machozi ya muumba, kwa sababu machozi waliyaita kitu kama remyt, na watu remetj. Kwetu sisi maneno yakifanana tunacheka, tunatunga kitendawili, basi. Kwao kufanana kulikuwa ni ushahidi. Maneno mawili yakilingana sauti, yale mambo mawili ni jamaa.

Sauti. Shikeni hilo neno, nitalirudia. Sauti.

Mmisri aliamini mtu ana mwili, ana kivuli, ana moyo, na ana ren, yaani jina. Jina lilikuwa kiungo kama mkono. Ukilikata, umemkata.

Mfalme Ramses wa Tatu aliuawa katika njama iliyopikwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na wake zake wakiwemo. Wanasayansi walipoipiga maiti yake picha za mionzi na kutangaza matokeo mwaka 2012, wakakuta koo limekatwa hadi mfupa. Hati ya kesi ya wale wauaji iko Turin, Italia. Na humo kuna mshitakiwa anayeitwa Mesedsure. Maana yake: Ra, mungu wa jua, anamchukia. Sasa niambieni, mzazi gani anamwita mwanawe hivyo siku ya saba? Hakuna! Wasomi wanasema bila shaka jina lake lilikuwa Meryre, Ra anampenda, na mahakama ikamgeuzia. Kabla ya kumhukumu mwili, wakalihukumu jina.

Na mfalme Akhenaten, aliyetaka liabudiwe jua la Aten peke yake, alituma watu na patasi nchi nzima kufuta jina la mungu Amun. Wakapanda hata juu ya minara ya mawe. Wakalifuta hata ndani ya jina la baba yake mzazi, Amenhotep. Baba wa watu!

Mimi nilibadilishiwa jina nipone. Mesedsure kabadilishiwa jina aangamie. Lakini imani si ni ile ile?

Sasa hadithi ya Isis. Hii naipenda, mnivumilie.

Ra amezeeka. Amezeeka hata mate yanamdondoka. Isis, mwenye akili kuliko miungu wote, anajua kila kitu mbinguni na ardhini isipokuwa jambo moja: jina la kweli la Ra. Basi akachota mate ya mzee pamoja na udongo yalipoangukia, akafinyanga nyoka, akamlaza njiani anapopita mzee kila siku. Mzee akapita. Nyoka akauma.

Ra akalia kilio mbingu zikatikisika. Maana sumu ile ilitoka kwake mwenyewe, hakuijua dawa yake. Akasema: baba na mama walinipa jina langu, nikalificha tumboni tangu nizaliwe, ili asitokee mchawi akapata nguvu juu yangu.

Isis akaja, mpole, na sauti ya mjukuu mwema. "Niambie jina lako, baba yangu mtukufu. Mtu huishi jina lake likitajwa."

Mzee akaanza kuzunguka mbuyu. Mimi ndiye niliyeumba mbingu na nchi. Mimi ndiye nikifungua macho panakucha, nikiyafumba panakuchwa. Mimi ni Khepri asubuhi, Ra adhuhuri, Atum jioni.

Sumu ikatoka? Haikutoka.

Isis akamwambia: jina lako halimo katika hayo uliyonitajia.

Sumu ikapanda, ikachoma kuliko moto. Mwisho mzee akakubali, jina likatoka tumboni mwake likaingia tumboni mwa Isis. Akapona.

Na jina lenyewe ni lipi? Mwandishi hakuliandika! Kurasa zote zile, mateso yote yale, na jina halimo. Hati nayo iko Turin. Lakini mwishoni mwake kuna maelekezo, na hapa mashangazi zangu mtege masikio: hadithi hii isomwe kwa mtu aliyeumwa na nge. Ichorwe mkononi mwake picha za Atum, Isis na Horus, kisha mgonjwa alambe ule wino. Au ichorwe kwenye kitambaa cha kitani afungwe shingoni.

Kuna anayehitaji nimfasirie? Kombe na hirizi, ndugu zangu. Miaka zaidi ya elfu tatu iliyopita. Sisemi zetu zimetoka kwao, ushahidi huo sina. Nasema tu bibi yangu angeisoma hati ile bila kuhitaji mwalimu.

Sasa mmeona jambo gani mpaka hapa? Ptah anataja. Atum anapiga chafya. Ra anaficha. Mahakama inageuza. Hesabu iko wapi?

Haipo. Haipo!

Wamisri walikuwa na tarakimu zao, na ni nzuri kweli. Moja ni mstari. Kumi ni kama kitanzi cha kumfungia ng'ombe. Mia ni kamba iliyosokotwa. Elfu ni ua la yungiyungi. Elfu kumi, kidole. Laki, kiluwiluwi, na ukienda ukingo wa Nile baada ya mafuriko utaelewa kwa nini. Milioni ni mungu amepiga magoti kainua mikono, kama mtu aliyeona bei ya sukari. Lakini herufi zao hazikuwa tarakimu. Kile kijimraba wanachokiandikia sauti ya p hakikuwa na thamani yoyote ya hesabu. Kwa hiyo jina la Ptah, likiandikwa na mkono wa Mmisri, halina jumla. Huwezi kulijumlisha, kama usivyoweza kujumlisha kuku na kanzu.

Mtaniambia, Mwalimu, ina maana hawakucheza na namba kabisa? Walicheza. Walicheza vizuri kuliko huyu wa kwenye simu.

Kuna hati iko mjini Leiden, Uholanzi, ya zama za Ramses wa Pili. Ni tenzi za kumsifu Amun, na kila utenzi una namba: moja, mbili, hadi kumi, kisha kwa makumi, kisha kwa mamia. Mshairi kajifunga sharti: utenzi uanze na uishie kwa neno linalosikika kama namba yake. Nyinyi mnaojua kufunga vina vya kati na vya mwisho mnaielewa kazi hiyo. Utenzi wa 80 unaanza na wale Wanane, miungu minane ya kabla ya ulimwengu, kwa sababu sauti ya themanini na sauti ya nane kwao vinaitana.

Na mji wa wale wanane uliitwa Khemenu, yaani Nane. Leo pale panaitwa al-Ashmunein, nane bado imo ndani. Kimisri na Kiarabu ni jamaa wa mbali, wataalamu wa lugha wamekubaliana juu ya hilo. Sita yao ni kama sisu, saba yao sefekhu, nane yao khemenu. Wazee, mnaikumbuka thumuni? Nusu shilingi, uliyonunulia kashata? Maana yake ya asili ni sehemu ya nane. Mlikuwa na jamaa ya Khemenu mfukoni, mkala kashata.

Utenzi wa 300 ndio mashuhuri. Unasema miungu yote ni watatu: Amun, Ra na Ptah. Jina lake limefichika, huyo ni Amun, na neno Amun lenyewe maana yake aliyefichika. Uso wake ni Ra. Mwili wake ni Ptah. Tazameni alivyogawa! Uso unaonekana, mwili unashikika. Jina je? Limefichwa.

Na utenzi wa 200 unasema yeyote atakayelitamka jina lile la siri, kwa kujua au kwa kutojua, huanguka pale pale akafa. Sasa mtu anakuuzia kwenye simu kwa pesa kidogo, na risiti anakupa!

Basi hii biashara ya kujumlisha herufi ilitoka wapi? Ilikuja na meli. Alexander aliingia Misri mwaka 332 kabla ya Kristo, na baada yake Wagiriki wakatawala pale karibu miaka 300. Wagiriki hawakuwa na tarakimu za pekee kama tulizonazo leo, walitumia herufi. Alfa ni moja, beta ni mbili, na kuendelea hadi omega, ambayo ni 800. Mkiwa na alfabeti ya namna hiyo, kila neno lina jumla mtake msitake. Orodha ya samaki ina jumla. Jina la mpenzi lina jumla.

Kule Pompeii, mji wa Italia uliozikwa na volkano mwaka 79, mtu aliandika ukutani kwa Kigiriki: nampenda yule ambaye hesabu yake ni 545.

Vijana mmeamka sasa.

Huyo alikuwa anafanya nini? Analitangaza jina au analificha? Anaficha! Anayejua, anajua. Baba mkwe akipita, aone namba. Hesabu ilikuwa kitambaa cha kulifunikia jina.

Huko Misri Wagiriki na wenyeji wakachanganyika, na mchezo ukanoga. Wakagundua jina la mto, Neilos, linatoa 365, sawasawa na siku za mwaka. Wakawa na jina la nguvu, Abrasax, nalo linatoa 365, wakalichora kwenye vito vya pete. Jua walikuwa wanaliita Phre, yaani Ra akiwa na kiambishi chake cha Kimisri: phi 500, rho 100, eta 8. Jumla 608. Na kuna mshairi wa Kilatini, Martianus Capella, alimsifu Jua akasema jina lake takatifu lina herufi tatu zenye jumla ya 608, asilitaje. Wasomi wengine wanadhani alimaanisha jina tofauti lenye jumla hiyo hiyo, na ndiyo shida ya namba, haina uaminifu kwa jina moja. Wakristo wa Misri nao walimalizia barua zao kwa kuandika 99 tu, kwa sababu herufi za neno amina kwa Kigiriki zinatoa 99.

Waarabu nao wana abjadi yao, alif 1 mpaka ghain 1000, na kwa njia hiyo ndiyo ikafika kwetu pwani. Ile 786 mnayoiona juu ya milango ya maduka ni Bismillahi nzima kwa hesabu. Hapa shangazi mmoja aliniuliza kama nasema wazee wetu walituongopea. Hapana, shangazi. Yule mzee wa falaki hakumwambia bibi kwamba ni elimu ya mafarao. Alisema ni abjadi, akachukua shilingi mbili, akatuombea dua. Ugomvi wangu ni na lebo. Bidhaa ya Kigiriki na ya Kiarabu, imebandikwa chapa ya Ptah.

Haya, chukueni kalamu. Tufanye wenyewe.

Jiwe la Rosetta, lililochongwa mwaka 196 kabla ya Kristo kwa azimio la makuhani waliokutana Memphis kwenyewe, linamsifu mfalme Ptolemy kuwa apendwaye na Ptah. Katika sehemu ya Kigiriki wameandika Phtha. Phi 500, theta 9, alfa 1. Jumla 510. Vizuri! Tumepata hesabu ya Ptah.

Lakini kuna walioliandika Phthas, na sigma mwishoni. Ongezeni 200. Imekuwa 710.

Sasa andikeni kwa herufi zetu za chuoni. Kiarabu hakina p, kwa hiyo fa, 80. Te, 400. Ha, 8. Jumla 488. Mungu mmoja, hesabu tatu. Ipi ni ya kweli?

Na mmeona lililotokea? Fa, te, ha: fataha, kufungua, neno lililomo ndani ya Fatiha. Najua vichwa vyenu vinakwenda wapi, maana changu kilikwenda huko huko. Nikiwa chuoni nilijaza daftari zima: Ptah ni fataha, mfunguzi, Atum ni timamu, aliyekamilika. Na kweli jina la Atum linahusiana na ukamilifu kwa Kimisri. Nilidhani nimeugundua ulimwengu. Mwalimu wangu akalisoma daftari, akanirudishia, akasema neno moja: "Tarehe?" Yaani lini, wapi, nani aliyelichukua neno kwa nani? Sikuwa nayo hata moja. Daftari lile nililifungia vitumbua.

Mfano wa mwisho ubaoni. Ali ni 70, 30, 10, jumla 110. Mama yake Fatuma ni 80, 1, 9, 40, 5, jumla 135. Pamoja 245. Toa kumi na mbili kumi na mbili, inabaki 5. Sasa hesabuni zile nyota kumi na mbili za falaki mpaka ya tano: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi. Ali ni Simba. Hongera, Ali.

Sasa mjukuu wangu ni Pendo. Andika Pendo kwa herufi za Kiarabu. P tumpe be? Na ile e, na ile o, tuziandike au tuziache? Ukiandika be, nun, dal, unapata 56, inabaki 8: Akrabu, Nge. Ukizijaza na ye na wau unapata 72, haibaki kitu, basi ni ya kumi na mbili: Huti, Samaki. Mtoto ni yule yule, kalala pale kwa mama yake. Kalamu ndiyo iliyomgeuza nge akawa samaki. Na hata jina la mama bado hatujaliingiza.

Kijana mmoja pale nyuma, karibu na mlango, alininyooshea mkono nilipofika hapa. Akauliza: "Mwalimu, na lile jina lako la kwanza, lililokuzidi, lilikuwa lipi?"

Nikamwambia ukweli. Bibi alipiga marufuku lisitajwe nyumbani. Lakini mama alikuwa akiniita kwalo, mara chache, tukiwa wawili tu, nikiwa na huzuni au nikitoka safari. Mama amefariki, huu ni mwaka wa kumi na moja. Tangu siku ile hakuna kinywa kilicholitamka, na changu hakitakuwa cha kwanza mbele ya watu sitini na feni mbovu.

Ila nitafanya kama yule wa Pompeii. Kwa abjadi yetu, herufi tano, bila kuongeza wala kupunguza, hesabu yake ni 275. Kalamu mnazo. Chai na mahamri viko nje.